Risasi Hafifu Isidharauliwe

Haya ni maneno ya mazungumzo kwa watu wa Watamu, Gede, Dabaso na Mida, juu ya kutumia kwa salama bunduki ya .22 na risasi zake zenye nguvu ndogo.



Leo sikuja kusema habari za samaki wala za minazi. Nimekuja kusema habari za kitu chembamba kuliko kalamu ya risasi anayoandikia mtoto shuleni. Kitu hicho ni risasi ya bunduki ya .22, na hasa zile risasi zake zilizotengenezwa makusudi ziwe na nguvu ndogo na kelele ndogo. Watu wengi huzidharau. Husema, "Hizi ni za kuchezea tu." Nami nataka kuwaonyesha kwamba risasi hafifu ina hatari zake yenyewe, ambazo hata risasi kubwa haina, na kwamba kila moja ya hatari hizo yaweza kuepukwa na mtu mwenye akili na subira.

Huenda baadhi yenu mnajiuliza mioyoni, "Sisi hatuna bunduki, wala hatutazamii kuwa nayo. Maneno haya yatatufaa nini?" Swali hilo ni la haki. Ni kweli kwamba wenye hati ya kuweka bunduki ni wachache sana miongoni mwetu. Lakini risasi ikisharuka haimwulizi mtu kama ana hati au hana. Yaweza kumpata mgema aliye juu ya mnazi, au mvuvi aliye ndani ya mtumbwi wake Mida, au mtoto aliyetumwa dukani. Kwa hiyo ni haki ya kila mtu kujua bunduki hutumiwaje kwa salama, ili akiona jirani anakosea apate kumwambia, "Simama kwanza, bwana."

HABARI YA MZEE MMOJA

Kazi yangu mimi ni kutafsiri maneno. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mzee mmoja mwenye shamba, mtu mwenye heshima zake, na mwenye hati halali ya bunduki yake. Alikuwa amefunga kitu katika kitambaa. Akanipa kwanza kasha dogo la risasi, akasema, "Mwanangu, nisomee maneno haya." Nikasoma. Kwenye ubavu wa kasha, kwa herufi ndogo sana, palikuwa pameandikwa onyo kwamba risasi zile ni za bastola tu, zisitumiwe katika bunduki ndefu, maana kichwa cha risasi chaweza kukwama ndani ya mtutu.

Yule mzee akanyamaza kitambo. Kisha akafungua kitambaa, akanionyesha bunduki yake. Katikati ya mtutu palikuwa pamevimba kama shingo ya nyoka aliyemeza panya.

Nikamwuliza, "Mzee, ilikuwaje?" Akanieleza. Alikuwa akijizoeza kulenga kopo shambani kwake. Alitumia zile risasi mpya kwa kuwa zilikuwa rahisi, na kwa kuwa hazikuwa na kelele ya kushtua mbuzi. Alipiga mara tatu. Kila mara alisikia mlio kama wa kijiti kikavu kivunjikapo, na kila mara kopo halikutikisika. Akadhani amekosa shabaha. Basi akakasirika, akatia risasi ya kawaida yenye nguvu zake zote, akapiga. Bunduki ikamsukuma bega kwa namna asiyoizoea, na kopo likabaki limesimama vilevile. Vile vichwa vitatu vya kwanza havikuwa vimekosa shabaha. Havikutoka kabisa. Vilikuwa vimo ndani ya mtutu, na kile cha nne kilivigonga kwa nyuma.

"Na mjukuu wangu," akasema, "alikuwa ameketi karibu na mkono wangu wa kushoto, akishika kasha." Hakusema zaidi, wala mimi sikumwuliza zaidi. Chuma kile kilivimba, hakikupasuka. Kama kingalipasuka, mtoto yule angalikuwa mahali ambapo vipande huruka.

Mzee yule alikuwa mtu mwangalifu. Kosa lake lilikuwa moja: alidhani kwamba risasi ikiingia vizuri katika bunduki, basi ni ya bunduki ile. Na maneno ya kumwonya yaliandikwa kwa lugha asiyoijua. Ndiyo sababu nasema nanyi leo kwa Kiswahili.

RISASI YA UKINGO NI KITU GANI

Yafaa kwanza tuelewane juu ya majina. Kwa desturi kitu chote twakiita risasi. Lakini ukikitazama utaona kina sehemu nne. Kwanza ni ganda la shaba. Pili ni kichwa, yaani kile kipande kirukacho. Tatu ni baruti iliyomo ndani ya ganda. Nne ni dawa ya fataki, ambayo huwaka ikigongwa, nayo huiwasha baruti.

Katika risasi za bunduki kubwa, fataki hukaa katikati ya kitako cha ganda. Katika risasi ya .22, dawa ya fataki hukaa ndani ya ukingo wa kitako, mzunguko mzima, na pini ya bunduki huugonga ukingo huo. Kwa sababu hiyo twaweza kuiita risasi ya ukingo. Ukingo hauna budi kuwa mwembamba, ili pini iweze kuuponda. Na kwa kuwa ganda lake ni jembamba, haliwezi kustahimili nguvu nyingi ya baruti. Hii ndiyo sababu nguvu ya risasi hizi ni ndogo.

Namna hii ya risasi ni ya zamani. Mwaka 1845 Mfaransa mmoja jina lake Flobert alitengeneza risasi isiyo na baruti, ila fataki peke yake, ili watu wapate kulenga shabaha ndani ya nyumba. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa .22 fupi kwa ajili ya bastola yake ndogo. Na mwaka 1887 kampuni ya Stevens, ya Marekani vilevile, ilitoa ile iitwayo Long Rifle, ambayo leo ndiyo risasi ya .22 inayotumika zaidi ulimwenguni. Hata katika michezo ya Olimpiki, wapiga shabaha wa mita 50 hutumia risasi hiyo.

Sasa tazameni tofauti zake. Kichwa cha Long Rifle ya kawaida huwa na uzito wa gramu 2.6 hivi, na mwendo wake, kitokapo mdomoni mwa bunduki, ni kama mita 320 hadi 380 kwa sekunde moja. Risasi hafifu za namna moja zina kichwa cha gramu 2 hivi na mwendo wa mita 200 na zaidi kidogo. Lakini ziko nyingine zilizo hafifu kupita hizo. Katika nchi ya Mexico hutengenezwa risasi iitwayo Colibri, jina la ndege mdogo sana wa Amerika anywaye asali ya maua. Haina baruti kabisa. Kichwa chake ni cha gramu 1.3, nacho husukumwa na fataki tu, kwa mwendo usiofika mita 130 kwa sekunde. Watengenezaji wenyewe wameonya kwamba isitumiwe katika bunduki ndefu.

Zote hizo, ya nguvu na hafifu, ni za unene mmoja. Zote zaweza kuingia katika tundu la bunduki moja. Jicho haliwezi kuzitenga vizuri, hasa zikichanganywa mfukoni. Kinachozitenga ni maneno ya kwenye kasha. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: risasi ikae katika kasha lake mpaka saa ya kutumiwa, na kasha lisomwe. Asiyeweza kusoma amtafute msomaji, wala asione haya. Haya ya dakika moja ni afadhali kuliko kilema cha maisha.

KWA NINI RISASI HUKWAMA

Mtu aweza kuuliza, "Yawezekanaje risasi ifae katika bastola ndogo, isifae katika bunduki kubwa iliyo imara zaidi?" Jambo hili huwashangaza wengi, lakini sababu yake ni rahisi.

Fataki na baruti zikiwaka huwa moshi wenye nguvu nyingi, nao hukisukuma kichwa cha risasi mbele. Ndani ya mtutu mna mifuo iliyozunguka kama uzi wa parafujo, na kichwa hukwaruzana na mifuo hiyo njia nzima. Mtutu wa bastola una urefu wa shibiri moja au chini yake. Mtutu wa bunduki ndefu hufika sentimita 50 au 60. Kila kichwa kinapokwenda mbele, nafasi nyuma yake huongezeka, na nguvu ya moshi hupungua. Lakini ule mkwaruzo haupungui. Ni kama watu wanaosukuma mashua mchangani. Wakiwa kumi wataifikisha majini. Lakini wakiwa watatu, hata kama wameanza kwa kishindo, watachoka katikati ya njia, na mashua itasimama hapo hapo.

Kichwa kilichosimama ndani ya mtutu hakimdhuru mtu. Madhara huja kwa risasi inayofuata. Kichwa cha pili huja kwa kasi, hukuta njia imezibwa, na moshi ulio nyuma yake hukosa pa kutokea. Hapo chuma huvimba, au hupasuka, au moshi wa moto hurudi nyuma usoni mwa mpigaji.

Wenye bunduki zinazojipakia zenyewe yafaa wajue jambo moja zaidi. Bunduki ya namna hiyo hutegemea nguvu ya risasi ili itoe ganda na kupakia nyingine. Risasi hafifu haiwezi kuifanya kazi hiyo. Mpigaji akiona bunduki haikujipakia, asivute komeo kwa mkono na kuendelea kupiga, kama kwamba ni ukaidi wa mtambo. Huenda mtambo unampa habari kwamba kuna jambo.

Sikusema kwamba kila risasi hafifu ni mbaya. Ziko zilizotengenezwa zifae katika bunduki ndefu, na watengenezaji wamesema hivyo kwenye kasha. Hizo zina faida zake kwa mtu anayejifunza shabaha, kwa kuwa hazishtui. Lakini hata hizo zisichanganywe ovyo. Ukitumia .22 fupi siku nyingi katika bunduki ya Long Rifle, masizi na risasi iliyoyeyuka hujikusanya katika tundu mbele ya ganda fupi; na siku utakayorudia zile ndefu, ganda litakaza na kukataa kutoka. Wala usitie Long Rifle katika bunduki ya .22 Magnum, iliyotolewa na Winchester mwaka 1959. Ganda la Magnum ni nene zaidi. Ganda la Long Rifle litalegea humo ndani na kupasuka.

HEWA YA PWANI

Sasa nataka kusema jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani hasa.

Twajua sote jinsi hewa ya chumvi inavyokula vitu. Bati la nyumba, msumari wa mashua, hata kufuli ya mlango, vyote huliwa na kutu upesi. Bunduki nayo ni chuma. Mtutu ulioingia kutu huongeza ule mkwaruzo niliousema, hata risasi iliyo njema ikatoka kwa shida. Na risasi ya ukingo haikuzibwa imara kama risasi kubwa. Ikikaa miaka mahali penye unyevu, au ikifungwa katika kitambaa chenye mafuta, maji au mafuta huweza kupenya mpaka kwenye dawa ya fataki na baruti. Basi risasi iliyonunuliwa ikiwa na nguvu kamili huwa hafifu bila mwenyewe kujua.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Risasi ziwekwe pakavu, katika kopo lenye kifuniko cha kukaza, wala si katika kitambaa cha mafuta. Zitumiwe za zamani kwanza. Zilizoingia kutu ya kijani au zilizobonyea zisitumiwe, bali zirudishwe polisi. Zisitupwe jalalani watoto wakaziokota, wala zisitiwe motoni. Bunduki isafishwe baada ya kutumiwa na kupakwa mafuta kidogo. Lakini kabla ya kupiga tena, mafuta yapanguswe kabisa ndani ya mtutu.

UKISIKIA MLIO USIO WA KAWAIDA

Haya ndiyo maneno ninayotaka myashike kuliko yote. Mpigaji mwema husikiliza kila mlio. Akisikia mlio mdogo kuliko desturi, au asipoona tundu katika karatasi ya shabaha, au asipoona vumbi kurushwa na risasi, husimama. Hapigi tena. Hufuata taratibu hii:

Kwanza, mdomo wa bunduki ubaki umeelekea penye shabaha. Usiugeuze kuutazama. Watu wamekufa kwa kuchungulia mdomoni.

Pili, ikiwa bunduki haikulia kabisa, ngoja ukihesabu polepole sekunde 30 au zaidi kabla ya kufungua komeo. Mara nyingine fataki huchelewa kuwaka, na risasi hutoka baada ya mtu kudhani imekufa.

Tatu, fungua komeo, uso wako ukiwa kando, toa ganda, toa na risasi zote zilizosalia. Tazama ganda hilo: je, kichwa kimetoka au kimo?

Nne, bunduki ikiwa tupu kabisa, ondoa komeo, kisha tazama ndani ya mtutu kwa kutokea nyuma. Ukiona mwanga wa mviringo upande wa pili, njia i wazi. Usipouona, njia imezibwa. Ikiwa bunduki yako haifunguki nyuma, tumia ufito wa kusafishia, uuingize taratibu, ujue kama wafika mwisho.

Tano, ukikuta kichwa kimekwama, kazi yako imekwisha siku hiyo. Usijaribu kukitoa kwa kupiga risasi nyingine. Usitie moto, wala usichokoe kwa msumari. Ifunge bunduki, uipeleke kwa fundi wa bunduki mwenye leseni.

Taratibu hii yote haichukui muda wa kuvuta sigara moja. Yule mzee angaliifuata baada ya mlio wa kwanza, bunduki yake ingalikuwa nzima hata leo.

IKITOKA, HUENDA WAPI?

Tumesema habari za risasi isiyotoka. Sasa tuseme habari za ile inayotoka.

Kwa kuwa mlio wake ni mdogo, watu hudhani inaanguka karibu. Hayo si kweli. Makasha mengi ya .22 ya kawaida yana onyo kwamba risasi yaweza kwenda maili moja au zaidi. Maili moja ni mwendo wa dakika 20 kwa miguu. Basi mtu apigaye bunduki shambani bila kizuizi nyuma ya shabaha, risasi yake yaweza kupita shamba lake, na shamba la jirani, na barabara, ikaishia asikokujua.

Nchi yetu hii nayo ina mambo yake. Mawe yetu ni ya matumbawe, magumu na yenye ncha. Risasi ikiyapiga hurudi au huenda upande. Maji ya Mida ni tulivu kama kioo. Mmewaona watoto wakirusha kigae bapa juu ya maji, kikaruka mara tatu, mara nne? Risasi hufanya vivyo hivyo, na ng'ambo ya maji wako watu wa kaa na wa kamba, tena wako watalii wanaotazama ndege. Ukuta wa udongo na wa makuti si kizuizi. Usidhani aliye nyuma yake amekingwa. Shina la mnazi ni la mviringo na gumu; huipotosha risasi. Tena risasi hafifu sana haina nguvu ya kupenya mti mgumu, kwa hiyo hurudi ilikotoka. Apigaye avae miwani ya kukinga macho, na wote walio karibu wakae nyuma yake, si ubavuni.

Kizuizi chema ni kilima cha udongo laini au mchanga, kirefu kuliko mtu na kinene, kisicho na mawe. Na mahali pema kuliko pote ni uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, wenye msimamizi.

JUU YA KUNGURU

Najua liko jambo moja ambalo limewatia watu hapa tamaa ya bunduki ndogo, nalo ni kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, wale tunaowaita kurabu. Ndege hawa si wa asili ya hapa. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, ili wale takataka. Wakazaa, wakaenea, na mwaka 1947 wakaonekana Mombasa. Leo wamejaa pwani yote. Wanakula vifaranga vya kuku na makinda ya ndege wengine, nao wanachafua vyakula. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Wanyama Pori lilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka ule.

Basi mtu husema, "Mimi nitamaliza kurabu wangu kwa risasi hafifu, haina kelele, haina hatari." Ndugu yangu, fikiri. Kurabu hukaa juu ya mnazi. Ukimpiga, bunduki yako inaelekea mbinguni, wala nyuma yake hakuna kizuizi ila hewa. Na nani aliye juu ya minazi ya Watamu asubuhi na jioni? Ni mgema. Amefichwa na makuti, ana kibuyu chake na kisu chake, hasikii wala haoni anayelenga chini. Kurabu naye ni ndege mwerevu. Ukimpiga mmoja, wengine watakujua wewe na bunduki yako, hawatakaribia tena. Kwa hiyo utakuwa umehatarisha roho ya mtu, na kurabu watakuwa palepale. Kazi hiyo ni ya watu waliopewa kibali na mafundisho. Sisi tuwasaidie kwa kufunika takataka zetu, zisiwe chakula cha ndege hao.

SHERIA NA NYUMBANI

Juu ya sheria nitasema machache. Katika Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yamkataza mtu kuwa na bunduki au risasi pasipo hati. Na hati hutaja idadi ya risasi. Udogo wa risasi si udhuru. Mtu asiye na hati hana ruhusa ya kuwa hata na moja mfukoni, wala mwenye hati asimgawie rafiki kama amgawiavyo tumbaku. Zamani mtu mwenye leseni aliweza kuwinda, lakini uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Wanyama Pori ya 2013 imeweka adhabu kali. Msitu wetu wa Arabuko-Sokoke, na Hifadhi ya Bahari ya Watamu iliyowekwa mwaka 1968, si mahali pa kujaribia bunduki, iwe kubwa au ndogo.

Nyumbani, bunduki ifungiwe mahali pa kufuli, risasi zifungiwe mahali pengine. Watoto wafundishwe kwamba wakiokota risasi wasiiguse, bali wamwite mtu mzima. Na mpigaji anawe mikono kabla ya kula, kwa maana madini ya risasi ni sumu, hasa kwa watoto wadogo.

Nimekaribia mwisho. Wako watu wasemao, "Ajali haina kinga." Neno hilo lina mahali pake. Dhoruba ya kusi haina kinga, wala umeme wa mvua. Lakini mtutu uliovimba una kinga, nayo ni kusoma kasha na kutazama mwanga. Risasi iliyompata mgema ilikuwa na kinga, nayo ni kutopiga juu. Tusimsingizie Mungu mambo ambayo ametupa macho ya kuyaona.

Kwa hiyo, mwenye bunduki ya .22 ajiulize maneno matatu kabla ya kila pigo. Je, risasi hii ni ya bunduki hii? Je, ile ya kwanza imetoka? Je, hii itasimamia wapi? Akikosa jibu la moja tu, na aiweke bunduki chini.

Yule mzee bado ninakutana naye njiani siku za gulio. Bunduki yake aliisalimisha polisi, wala hakutaka nyingine. Mjukuu wake amekuwa kijana sasa, anasoma. Kila nionapo wanakwenda pamoja, mmoja amebeba kikapu na mwingine fimbo, nakumbuka lile kasha dogo na zile herufi ndogo ambazo hakuna aliyemsomea kwa wakati. Wazee walisema kweli: mdharau mwiba, mguu huota tende.